Kituo cha watoto wa mtaani hapa Kariakoo: nakipa nyota nne, ya tano bado

Mi ni wakala wa kutoa na kuweka hela, meza yangu iko Kariakoo upande wa Msimbazi, nikifunga usiku ile baraza ndo kitanda cha madogo watano sita, wanatandika maboksi wanajifunika viroba. Vituo vya kuwachukua nimeviona vingi tu ila hiki nimekifuatilia mwaka mzima. Jina silitaji, watoto wapo pale sasa hivi na sitaki watu waende kuwapiga picha.

Kilichonivutia kwanza hawakuja na gari. Alikuja kaka mmoja na dada mmoja kwa miguu, saa nne usiku, wakakaa kwenye boksi na madogo wakapiga stori za Simba na Yanga wakaondoka. Kesho yake tena. Wiki ya tatu nikamuuliza yule dada mbona hamuwabebi tu mkawapeleka huko kwenu? Akanambia, mama, ukimchukua mtoto hajakubali usiku huohuo anaruka ukuta, na akirudi hapa hamwamini tena mtu mzima yeyote. Akasema hata Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilitoa mwongozo wa watoto wa mtaani peke yao, mwaka 2017, na hii kamatakamata wanayofanyiwa haitakiwi.

Kituoni wanaoga, wanafua, wanakula wali maharage, wanatibiwa vidonda, mpira upo. Kulala hakuna. Mwanzoni hilo niliona kasoro kubwa, sasa nimeelewa kwamba nguvu yao wameiweka kwenye kumrudisha mtoto kwao, na hapo ndo wamenikosha kabisa.

Kuna dogo alikuwa anaokota makopo, kila mtu anamwambia yeye yatima. Kumbe mama yupo Kondoa, baba wa kambo ndo alikuwa anampiga, akadandia lori la mahindi. Hayo aliyasema baada ya miezi miwili ya kukaa naye tu. Hawakumrudisha kwa yule baba, walimtafuta bibi yake, wakaenda na afisa ustawi wa wilaya na mtendaji wa kijiji wakaongea wakaandikishana. Shule ada hakuna tangu 2016 lakini sare, viatu na madaftari si lazima mtu anunue? Wakanunua, na bibi wakampa mtaji wa kuku. Hapa vituo vingi vinapiga picha ya mtoto anakumbatiwa na bibi basi mchezo umeisha. Hawa hela ya kumfuatilia wanaituma kwenye meza yangu, nauli ya mfanyakazi, vocha ya jirani wa bibi mwenye simu, mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita. Naziona kwa macho yangu ndo maana naandika bila wasiwasi.

Sio wote hivi jamani. Kituo kingine kilikuja na gari na vijana wa kizungu wa kujitolea, wiki mbili wanaondoka wanakuja wengine. Dogo mmoja alimzoea binti mmoja akawa anamwita mama. Binti akalia uwanja wa ndege, mtoto naye akalia, na baada ya miezi minne alikuwa amerudi barazani kwangu na gundi ya kunusa mkononi, kwao hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kufika kuuliza. Iliniuma sana. Na sisemi wageni wabaya, hiki kituo kizuri nacho hela yake inatoka nje, ila mgeni waliyenaye ni mtaalamu wa ustawi wa jamii, anakaa ofisini na wafanyakazi wanajadili kesi moja moja, watoto wenyewe wanamjua kaka na dada wa hapahapa wanaoongea lugha yao na ambao mwakani bado watakuwepo. Ukitaka kuchangia kituo chochote muulize kwanza leseni ya ustawi wa jamii, halafu muulize wangapi mmewarudisha kwao na mara ya mwisho mmewatembelea lini.

Nyota niliyowanyima ni ya mabinti. Kituo kinafungwa saa kumi na moja jioni, jumapili hakuna kitu, na binti akiingia mjini hakai mtaani muda mrefu, kabla ya wiki kashachukuliwa na mtu anaahidi kazi za ndani na huko ndani kinachoendelea Mungu ndo anajua. Nimebandika namba 116 ya simu ya mtoto kwenye meza, bure kupiga, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote anayejua mtoto anaonewa atoe taarifa, sio lazima uwe ndugu yake.

Juzi kaja mmoja, kama miaka kumi na mbili, kalala upande wa duka la vitenge na begi la shule kifuani. Nikampigia yule dada saa mbili usiku. Akapokea, akasema mama kaa naye karibu, leo hatuna zamu, kesho tunakuja. Nikamlaza kwangu.