Kongamano la IFLA, Rotterdam: nenda na bango lako

Tangu nirudi, wakutubi wenzangu wananiuliza swali moja: lile kongamano la dunia la IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, linastahili gharama yake? Jibu langu ni kwamba linastahili ukiwa na kitu cha kuonyesha. Kama unakwenda kukaa na kusikiliza tu, hizo fedha zitakufaa zaidi kwenye mikutano ya huku kwetu.

Nilihudhuria kongamano la 88, Rotterdam, Uholanzi, Agosti 21 hadi 25, 2023, kwenye ukumbi wa Rotterdam Ahoy. Natoka maktaba ya mkoa Tanzania, upande wa huduma za shule. Ofisi ilinilipia nauli, ada nikaipata kwa ufadhili. Ada ni mamia ya yuro, na kwa mshahara wa mkutubi wa umma hilo si jambo la kutoa mfukoni. IFLA na mashirika rafiki huwa na nafasi za ufadhili kwa watu wa nchi zetu, lakini matangazo hutoka mapema sana, wakati wengi bado hatujaanza hata kulifikiria kongamano.

Viza ndiyo iliyoniumiza kichwa kuliko yote. Ya Schengen, yaani ya kuingia nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Uholanzi, unaruhusiwa kuomba miezi 6 kabla ya safari, basi omba miezi 6 kabla. Watataka barua ya mwaliko, taarifa ya benki, barua ya mwajiri na bima ya afya isiyopungua yuro 30,000. Usisubiri kibali cha safari kikamilike ndipo uanze kutafuta makaratasi mengine.

Haya, kongamano lenyewe. Ufunguzi ni wa fahari, ngoma na taa, na hotuba za wakubwa. Hotuba hizo sikuandika hata mstari. Vikao viko vingi kwa wakati mmoja hata ukijigawa huvimalizi, na vingine vimejaa lugha ya kamati ambayo mtu wa nje haambulii kitu. Ukumbi mkubwa una wakalimani na hedifoni. IFLA ina lugha rasmi saba: Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kijerumani, Kirusi, Kiarabu na Kichina. Kiswahili hakimo, ingawa kina Siku ya Kiswahili Duniani ambayo UNESCO iliipitisha mwaka 2021. Tulikaa Waafrika Mashariki kadhaa mstari mmoja, tukasikiliza Kiingereza na kunong'onezana Kiswahili.

Utamu uko kwenye mabango, yaani picha na maelezo ya mradi wako kwenye ukurasa mmoja mkubwa. Kila mwenye bango anapewa ubao, na kwa saa zilizopangwa unasimama hapo watu wakipita. Langu lilihusu masanduku ya vitabu tunayopeleka shule za msingi kwa bodaboda. Nililichapisha kwenye kitambaa, likakunjika kama kanga na kuingia begi la mkononi, huku wenzangu uwanja wa ndege wakihangaika na mirija mirefu ya kubebea mabango ya karatasi. Fanyeni hivyo, ni bei nafuu na halichaniki.

Nilidhani wataniuliza takwimu. Waliniuliza mambo ya kazi. Mama mmoja kutoka Finland aliinama akaitazama picha ya sanduku kwa muda, halafu akauliza mvua ikinyesha njiani vitabu vinafunikwa na nini. Turubai, nikamwambia, na chini yake mfuko wa mbolea uliooshwa. Akaandika. Akaja kaka wa Colombia akaniambia kwao kuna mwalimu aliyeanza kusambaza vitabu vijijini kwa punda. Kabla sijajibu, dada mmoja Mkenya wa ubao wa jirani akadakia: "Punda? Sisi Garissa tuna maktaba ya ngamia tangu 1996!" Tukaishia kubishana watatu, mnyama gani anabeba vitabu vingi na nani anakula kidogo. Bodaboda yangu ilishindwa pale ilipofika hesabu ya petroli. Lakini katika ubishi ule nilipata jambo nililokuwa nalitafuta: kule kwa ngamia msafara una ratiba isiyobadilika, na shule inajua siku ya kurudisha. Sisi tulikuwa tunapiga simu kwanza, ndiyo maana vitabu vinapotea. Tumeshabadili.

Kitu cha pili usichokose ni ziara za maktaba. Maktaba Kuu ya Rotterdam utaijua kwa mabomba yake makubwa ya njano yaliyopita nje ya ukuta, na ndani walikuwa na mkusanyiko mkubwa wa kazi za Erasmus, mwanazuoni wa zamani mzaliwa wa mji huo. Mimi nilivutiwa zaidi na Boekenberg, yaani Mlima wa Vitabu, kule Spijkenisse. Unapanda metro laini D hapo Zuidplein, karibu na ukumbi, inakufikisha moja kwa moja. Ni jengo la mwaka 2012, piramidi ya kioo, rafu zimepandana ndani kama ngazi, na zimetengenezwa kwa plastiki iliyosindikwa upya. Kila mkutubi akiingia anawaza jua. Vitabu havitapauka? Hoja ya wasanifu ni kwamba kitabu kinachoazimwa sana huchakaa ndani ya miaka 4 hivi, kwa hiyo jua halitawahi kukimaliza. Miaka minne! Sisi tuna vitabu vya jiografia ambavyo Sudan bado ni nchi moja, na vinaazimwa.

Maonyesho ya wauzaji nayapita haraka: kalamu za bure, mifuko ya bure, na mtu wa mauzo anayetaka kujua bajeti yenu. Ukimwambia mnatumia Koha, programu ya maktaba isiyolipiwa leseni, tabasamu linapungua. Chakula cha mchana ni mkate na jibini, kesho yake mkate na jibini. Bebeni pilipili.

Nani aende basi? Mwenye mradi unaoeleweka kwa picha na anayeweza kusimama akauelezea. Anayeanza kazi aanze na SCECSAL, mkutano wa nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika unaofanyika kila baada ya miaka miwili. Matatizo ya huko ni ya kwetu na nauli inafikirika. Kongamano la IFLA 2024 halikufanyika, la 2025 lilikuwa Astana, Kazakhstan, na 2026 zamu ni ya Busan, Korea Kusini.

La mwisho ni kwa watumishi wa umma. Metro ya Rotterdam unagusisha kadi ya benki mlangoni na mashine haikupi risiti. Pigeni picha taarifa ya kadi kila jioni, maana siku ya kurejesha masurufu mhasibu hatakubali neno "niligusisha".