Gari la porini lenye sura ya zamani: kagua mlango wa nyuma kabla ya injini

Malalamiko ninayoletewa zaidi na wasomaji mwaka huu hayahusu injini wala bei ya mafuta. Yanahusu mlango wa nyuma. Mama mmoja wa Simanjiro anasema unga anaoupakia Arusha humfikia nyumbani umegeuka rangi ya tofali. Kijana wa Njombe ana gari ambalo halijatimiza mwaka na bawaba ya chini imeshaanza kucheza. Dada anayeishi Lushoto akiegesha kwenye mteremko, mlango humrudia mgongoni akiwa ameinama kutoa mizigo. Magari yao ni ya kampuni tofauti, ila yote yana sura ile ya zamani inayopendwa sasa, na yote yamebeba tairi la spea mlangoni.

Kwa hiyo sitaeleza nguvu za injini, ukubwa wa skrini wala rangi zilizopo. Hayo muuzaji yeyote atakuimbia bila kuombwa. Hapa nimepanga magari kwa jinsi mlango wake wa nyuma unavyostahimili barabara zetu.

Mvuto wa sura hii naujua vizuri. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, Toyota BJ ikafuata mwaka 1951, na magari yaliyozaliwa katika koo hizo ndiyo yaliyowapeleka waganga, wamisionari na mabwana shamba kila kona ya nchi hii. Tamasha la Land Rover lilipofanyika Arusha mwaka 2024, watu walitoka mikoani na magari yenye umri kuwazidi wao. Kampuni zimeuona upendo huo. Suzuki ikaitoa Jimny ya sasa mwaka 2018, Defender mpya ikaonyeshwa 2019, Ford ikaifufua Bronco 2020, na mwaka 2023 Toyota ikairudisha Land Cruiser 70 kwenye soko la Japani na kuizindua Land Cruiser 250, ambayo unaweza kuipata na taa za duara. Wabunifu walirudisha taa za duara, boneti bapa na pembe kali. Wengi wakarudisha na spea mlangoni, maana ndivyo gari la porini lilivyokuwa likionekana kwa nyuma.

Tairi la magari haya makubwa pamoja na rimu yake huweza kupita kilo 30. Mlango unaofunguka kwa pembeni unaubeba uzito huo upande mmoja, kwenye bawaba mbili au tatu. Barabara ya lami haileti shida. Barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati ndiyo inayoutikisa uzito huo kila sekunde, kilomita baada ya kilomita, mpaka bawaba zinalegea kidogo na mlango unashuka kidogo. Milimita mbili zinatosha. Mpira unaozunguka mlango haukandamizwi tena sawasawa pembeni.

Halafu vumbi. Gari la umbo la sanduku likiwa mwendoni huacha nafasi nyuma yake ambayo hewa haiwahi kuijaza, basi vumbi linalorushwa na matairi huzunguka humo na kujigandamiza kwenye mlango. Ukiwa umefungua madirisha, hewa ya ndani inanyonywa nje kupitia hayo madirisha, na gari linatafuta hewa nyingine penye upenyo. Upenyo uko nyuma. Ndiyo maana mzigo wa nyuma unachafuka kabla ya kiti cha dereva. Kwenye vumbi, funga madirisha yote na uwashe feni ya kuingiza hewa ya nje, ili hewa ya ndani ndiyo isukume kutoka. Hilo linasaidia, lakini haliponyi bawaba iliyolegea.

Kabla ya kulipa hata shilingi ya kushikia gari, fanya haya palepale yadi. Fungua mlango wa nyuma mpaka mwisho, ushike ukingo ulio mbali na bawaba, uunyanyue na kuushusha. Ukisikia mchezo wowote, kwa gari jipya ondoka, na kwa gari lililotumika shusha bei. Weka kipande cha karatasi kati ya mpira na bodi, funga, kisha kivute. Kikitoka bila kukaza, vumbi nalo litaingia bila kukaza. Rudia kila kiganja kimoja kuzunguka mlango wote, hasa pembe ya chini upande wa kitasa. Kama giza limeingia, mtu akae ndani na tochi, nawe tazama kwa nje. Mwisho, omba gari liegeshwe kwenye mteremko na uone kama mlango unajishikilia wenyewe. Muuzaji atakuambia yadi haina mteremko. Barabara ipo nje ya geti.

Namba moja ni Toyota Land Cruiser 250, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa Toyota. Baba alikuwa na Hardtop, kaka zangu wana Hilux, na fundi ninayemwamini anazijua kwa kugusa. Lakini hapa naipa ushindi kwa jambo moja: spea imewekwa chini ya gari, na mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu. Hauna uzito wa kuushusha, unakupa kivuli ukipakia juani, na kioo chake hufunguka peke yake, hivyo unaweza kutumbukiza mfuko wa sokoni bila kuugusa mlango wenyewe. Chini kuna chesesi ya ngazi ya kweli, yaani fremu ya chuma inayoubeba mwili wa gari. Watu wanaoidharau kwa sababu "haionyeshi tairi nyuma" wananunua picha. Ubaya wake upo: spea ya chini hupata matope, na mijini inawindwa na wezi, kwa hiyo ifunge kwa kufuli na mnyororo wake uupake grisi. Kingine, dizeli iliyotengenezwa kwa soko la Japani inahitaji maji ya AdBlue, yale ya kusafisha moshi wa injini. Uliza utayapata wapi mahali unapoishi kabla hujaagiza.

Namba mbili ni Land Cruiser 70, ile tunayoiita mkonga. Hii haijaigiza uzamani, imekuwepo tangu mwaka 1984 na utengenezaji wake haujakoma. Matoleo ya 76 na 78 yana milango miwili ya nyuma isiyolingana, spea ikiwa kwenye ule mpana. Kwa kazi nyingi za kila siku unafungua ule mwembamba tu, na uzito unabaki umetulia. Wenye magari ya utalii pale Arusha walishamaliza mjadala huu zamani: wengi huitoa spea mlangoni kabisa na kuitengenezea mkono wake wa chuma uliofungwa kwenye bampa. Ukinunua 70 na barabara zako ni za vumbi, tenga fedha za mkono huo tangu mwanzo. Usisubiri bawaba ikuambie.

Namba tatu, Suzuki Jimny. Ina spea mlangoni, ndiyo, lakini tairi lake ni dogo na jepesi, na gari lote la milango mitatu lina uzito wa takriban kilo 1,100. Bawaba zake hazina kazi kubwa. Pia ziko kulia, kwa hiyo ukiegesha kushoto mwa barabara kama tunavyoegesha sisi, unapakia ukiwa upande salama. Kinachoniudhi ni taa za nyuma kushushwa kwenye bampa, mahali ambapo bodaboda na mikokoteni huzifikia kwanza. Ya milango mitatu haina nafasi ya mizigo, viti vya nyuma vikiwa vimesimama unaweka mkoba na maji basi. Mwenye familia atafute ya milango mitano, iliyoanza kuonyeshwa India mwaka 2023. Ilipoingia Japani mwaka 2025 kwa jina la Jimny Nomade, maagizo yalifika 50,000 ndani ya siku nne na Suzuki ikasimamisha kuyapokea. Kwa kodi za Tanzania, injini yake ya lita 1.5 nayo inakupunguzia mzigo ukilinganisha na hawa wakubwa.

Nne ni Ineos Grenadier, gari la bwana Jim Ratcliffe wa Uingereza, linaloundwa Hambach, Ufaransa. Alitaka kuirudisha roho ya Defender ya zamani, ambayo utengenezaji wake ulikoma Solihull mwezi Januari 2016. Milango yake ya nyuma imegawanywa kwa asilimia 30 na 70, na unaanza na ule mdogo. Kwa mlango pekee ningeiweka juu zaidi. Lakini injini ni za BMW, na mtu wa Mpanda au Tunduru akiharibikiwa atasubiri kipuri kwa muda ambao mwenye mkonga atakuwa ameshavuna mahindi na kuyauza.

Defender mpya ni ya tano. Ni gari zuri, linaweza kupita maji ya kina cha sentimita 90, nami nalipenda kwa macho. Mlango wake wa nyuma ni mkubwa, mmoja, unafunguka kwa pembeni, na tairi kubwa limetundikwa juu yake. Ukiegeshewa kwa karibu Kariakoo, mizigo yako itabaki ndani mpaka mwenye gari la nyuma apatikane. Cha kusikitisha ni kwamba Land Rover wenyewe walikuwa na miaka mingi ya kujifunza. Mafundi wetu wamechomelea milango ya nyuma ya Land Rover 110 za zamani iliyopasuka kwa uzito huohuo tangu enzi za wazazi wetu. Na kama mpango wako ni kununua 110 kuukuu na kuifufua, spea itoe mlangoni kabla hujapaka rangi.

Toyota nao nawasema, maana kupenda si kufumba macho. FJ Cruiser ilikuwa na spea mlangoni, na Land Cruiser FJ waliyoizindua Oktoba 2025 imerudia vilevile. Injini yake ya petroli ya lita 2.7 mafundi wetu wanaifahamu vizuri, na ingeweza kuwa namba moja yangu kwa watu wa kipato cha kati. Kampuni iliyoweka spea chini ya 250 ilijua la kufanya.

Ford Bronco siipangi. Inatengenezwa kwa usukani wa kushoto tu, na sitamshauri mtu kuyapita malori ya Chalinze hadi Segera akiwa amekaa upande asioona mbele.

Za bei nafuu kutoka China, kama Tank 300 na BAIC BJ40, nazo zimetundika spea mlangoni. Fanya jaribio la karatasi. Ikifeli, achana nayo.

Sasa bei, ambapo hasira yangu haijapoa. Japani ilipozinduliwa 250, bei ya kuanzia iliandikwa wazi: yen milioni 5.2. Land Cruiser 70 iliwekwa yen milioni 4.8, Nomade ikaanzia yen 2,651,000. Mteja wa kule anajua. Hapa kwetu kuna kodi kweli: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini, na wa uchakavu kwa gari lililopita miaka 8. Kikokotoo cha TRA kiko wazi mtandaoni, kila mtu anaweza kukitumia. Ukikitumia, ukaongeza na usafiri wa meli, unakuta bado kuna fungu nono ambalo muuzaji hawezi kulieleza. Ukimuuliza, anasema "gari hizi ni adimu, dada." Wengine bado wanataja bei kwa dola, wakati kanuni za mwaka 2025 zinakataza bidhaa zinazouzwa humu nchini kutajiwa bei kwa fedha za kigeni. Dai bei ya shilingi, kwa maandishi.

Na kuna uhuni mwingine ambao wasomaji wameniletea kutoka zaidi ya yadi moja. Gari linatoka meli likiwa na spea yake halisi, jeki, spana na kava. Linapofika kwa mteja, ndani ya kava kuna tairi kipara la saizi nyingine, na jeki haipo. Kava inaficha yote, na mteja anagundua siku ya pancha, usiku, porini. Mwambie muuzaji avue kava mbele yako. Soma saizi ubavuni mwa tairi, ilinganishe na manne ya chini, kisha saizi hiyo, jeki na spana viandikwe kwenye hati ya mauzo kabla hujasaini.