Makumbusho ya Boott Cotton Mills, Lowell: nilienda kumtafuta mzee wa marikani

Mwaka wa sita huu niko Lowell, Massachusetts, na lile jumba la matofali mekundu lenye mnara wa kengele nalipita kila asubuhi nikitoka shifti ya usiku, sijawahi kuingia hata siku moja. Wakenya tumejaa mji huu, lakini muulize mtu kama ameingia Boott atakwambia aah, hiyo ni ya watoto wa shule. Mimi kilichoniingiza ni neno moja tu. Mamangu ni fundi cherehani Mombasa, na utoto wangu wote ni "kimbia Biashara Street uniletee marikani yadi mbili", na mimi nakimbia, na sikuwahi kujiuliza kitambaa kimepataje jina la nchi. Juzi ndo nikajua marikani ile ya zamani ilitoka huku, viwanda vya Massachusetts, na mmoja wa wazee walioanzisha biashara yenyewe anaitwa Nathan Appleton. Nikasema leo silali, naingia.

Huyu mzee kwanza. Kazaliwa 1779 kijiji cha New Ipswich, New Hampshire, akaenda Boston kijana akaanza duka na kakake Samuel wakiuza mali ya kuagiza kutoka Uingereza, yaani muuzaji kama wauzaji wetu tu. Mwaka 1811 yuko Edinburgh akakutana na Mmarekani mwenzake, Francis Cabot Lowell, anamwambia nataka nikazitazame mashine za hawa Waingereza halafu tufume wenyewe nyumbani. Na Waingereza walikuwa hawaruhusu mashine wala michoro kutoka nchini, kwa hivyo Lowell alizibeba kichwani. Aliporudi, Lowell na wenzake wakamwomba Appleton atie dola 10,000 kwenye kiwanda, akatia 5,000, akaona hiyo biashara kwenye makaratasi ni nzuri lakini alichokiona kwa vitendo hakikumpa moyo. Hapo nilicheka, maana huyo ndo mfanyabiashara haswa, rafiki ni rafiki lakini nusu ya pesa ibaki mfukoni. Mashine ya kufuma ilipoanza kazi Waltham, mji wa karibu na Boston, mwaka 1814, mwenyewe aliandika uzeeni kwamba yeye na Lowell walikaa muda mrefu wanaitazama tu inavyokwenda.

Na ukiingia ukumbi wa kufumia pale Boott utaelewa kwa nini walikaa. Unapewa vizibo vya masikio mlangoni, mimi nikavitia mfukoni nikijua mi mtu wa matatu kelele haziniwezi. Wacha bwana! Siku niliyoenda zilikuwa zimewashwa mashine chache tu kati ya zile safu ndefu na bado sakafu ilikuwa inatetemeka mpaka nikaisikia kwenye meno. Mikanda inazunguka kutoka juu, na kile kijiti cha mbao chenye ncha za chuma kinachobeba uzi kinarushwa kushoto kulia kushoto kulia, jicho halikikamati, unaona kitambaa tu kinakua kidogo kidogo kama mkeka unajisuka wenyewe. Vizibo nikavitafuta haraka. Ujue tu mashine hizi si za enzi za Appleton, ni za karne ya 20, ila kelele naamini ni dada na dada.

Lowell mwenyewe alikufa 1817, hakuuona mji uliopewa jina lake. Ni Appleton na wenzake walionunua ardhi hapa kwenye maporomoko ya mto Merrimack, wakaanzisha kampuni ya Merrimack 1822, mifereji ikachimbwa, maji yakazungusha mashine, na hii Boott ikafuata 1835. Mafundi wao walikuwa wasichana wa mashambani, na usitoke bila kupita jengo la jirani lililokuwa bweni lao. Kitanda kimoja watu wawili, saa nne usiku mlango unafungwa, kengele inawaamsha alfajiri, kazini masaa 12 na zaidi. Mi nafanya shifti ya masaa 12 nageuza wazee kitandani, nikasimama mbele ya vile vitanda nikahisi miguu inaniuma kwa niaba yao. Waligoma 1834 mshahara ulipokatwa, wakagoma tena 1836 malipo ya bweni yalipopandishwa, na mara zote mbili walikuwa ndo kwanza wanajifunza kugoma.

Appleton wakati huo alishaenda bungeni Washington, 1831 hadi 1833, na tena miezi michache 1842, na kikubwa alichopigania ni ushuru wa forodha, nguo za nje zitozwe ili zake ziuzike. Yule kijana aliyetajirika kwa kuagiza mali ya Uingereza sasa anawafungia mlango waagizaji. Sijui nimpende au nimchukie. Ila pamba ndo inayonikaba, maana ililimwa na watumwa kule Kusini na yeye alilijua hilo vizuri, na Charles Sumner, mpinga utumwa wa Boston, aliposema hadharani 1848 kwamba mabwana wa mjeledi na mabwana wa mashine za kufuma wameshikana mikono, Appleton alimwandikia barua za hasira. Na Sumner ni rafiki mkubwa wa mkwewe, yule mshairi Longfellow! Fikiria karamu za familia hiyo.

Sasa unganisha. Sayyid Said, sultani wa Unguja, alitia saini mkataba na Wamarekani 1833, konsuli wao akafika Unguja 1837, meli za Salem, bandari ya huku Massachusetts, zinashusha marikani zinapakia pembe za ndovu na sandarusi, marikani inapanda bara kwa misafara mpaka inakuwa kama pesa, na pembe zinakuja huku kuwa vibao vya piano. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 vikaikata pamba, Bombay wakaingia sokoni kwetu. Mwaka huohuo Julai, nguo ya Fanny, binti ya Appleton na mkewe Longfellow, ilishika moto akafa, na Appleton akafa siku moja baada ya mazishi.

Kwa wanaotaka kwenda: vaa viatu vya chini, panga masaa matatu, usifanye kama mimi kwenda na usingizi. Chai kunywa nyumbani, mimi nilipita mkahawa mmoja njiani nikapewa maji ya moto na kipakiti pembeni, dola nne. Makumbusho nyota tano. Appleton mwenyewe namwekea tatu, na moja kati ya hizo ni ya yale masaa aliyokaa kutazama mashine.

Duka la pale wanauza vitambaa vilivyofumwa humohumo, nikanunua kimoja nikampigia mamangu kwa video nikamwonyesha kwa majivuno, mama, hii ndo asili ya marikani yako. Akaniambia nisogeze karibu na taa. Akakitazama. "Hicho cha kufutia vyombo. Marikani iko wapi?"