Leso za Biashara Street kufungia zawadi ndogo za nguo Krismasi: nyota nne na nusu

Kama una soksi, vesti za mtoto, skafu, chupi za kumpa dadako ama tishati ya mpwa wako na ulikuwa unaenda kununua ile karatasi ya kung'aa, nakuomba ngoja kwanza upite Biashara Street. Nguo ndogo haina umbo, ukiizungushia karatasi inajikunja na pembe hazikai, halafu hapa Mombasa ikifika Desemba kaskazi ishaingia, joto na unyevu ule unafanya karatasi ilegee na selotepu iachie kabla zawadi haijavuka feri ya Likoni. Leso yenyewe ni kitambaa, inafuata nguo vile ilivyo, haitaki boksi wala selotepu, na akishafungua mwenyewe amepata vitu viwili kwa mpigo mmoja.

Mimi niliuziwa jozi kwa mia sita na hamsini, lakini bei zinatofautiana duka na duka kwa hivyo ulizia zaidi ya pahali pamoja na usione haya kuomba upunguziwe, hapo mtaani ndio desturi. Ukitaka duka la jina kubwa liko lile la kina Kaderdina Hajee Essak, wale wa leso zilizoandikwa Mali ya Abdulla, wako kwa hii biashara tangu 1887 na kitambaa chao ni pamba ya kushikika kweli. Uzuri wa hesabu ni kwamba leso inauzwa jozi, vipande viwili vimeungana, kwa hivyo ukimpa fundi akate apinde unapata vitambaa vya zawadi mbili. Mafundi wako hapo hapo barazani na cherehani zao, unasubiri kidogo tu unapewa leso yako imepindwa vizuri. Usikubali kuondoka bila kupinda jamani, leso yenye nyuzi zinaning'inia inamfanya mtu aone ulifanya haraka haraka.

Sasa vile vya kufunga, sababu wengi wanaona leso ni kubwa, kipande kimoja ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kitu. Itandaze chini rangi iangalie sakafu, jina, yaani yale maandishi ya leso, liwe upande ulio karibu na wewe, weka nguo yako umeikunja vizuri katikati ya ule upande wa mbali, halafu viringisha ukija kwako. Ukimaliza jina linatokea juu lenyewe, hiyo ndio raha yake! Mikia miwili iliyobaki ipeleke nyuma uifunge fundo, ama kama unataka pa kushikia ifunge juu. Wajapani nao wana ustaarabu wao wa kufunga vitu kwa kitambaa unaitwa furoshiki, ila vitambaa vyao ni vya mraba, nimejaribu mikunjo yao na kwa leso inakubali ukiikunja mara mbili kwanza. Na usiifue kabla, leso mpya ina ule ugumu wa wanga unaoshika mkunjo, ukishaifua inalainika na fundo linateleza.

Nilipoipenda zaidi ni kwa zawadi ya mzazi aliyejifungua karibuni. Unachukua vesti, kofia, soksi zile ndogo sana, unazifungia ndani ya leso na ile leso inabaki kuwa mbeleko ya mtoto, mama anaitumia kila siku, anambeba nayo anamlaza nayo anamfunika nayo. Karatasi hata iwe nzuri vipi tarehe ishirini na sita asubuhi iko kwa taka. Hii kwangu ndio sababu kubwa kuliko zote, mtu amekutafutia nguo kwa mapenzi basi hata kilichoifunga kiwe na kazi.

Lakini angalia jina! Hapa nasisitiza sana kwa sababu leso inasema, na mtu wa pwani akipewa leso kitu cha kwanza anasoma maandishi. Ziko za kumshukuru mama, za kumwombea mtu heri, na ziko za vijembe vikali za kupelekeana majirani, na rangi zake nzuri vile vile, sasa wewe ukichagua kwa maua tu unaweza kumpelekea wifi yako maneno ambayo hukuyakusudia, na Krismasi yenyewe ikaharibika. Muulize muuzaji akusomee na akueleze, wanajua yote, yule mama aliyeniuzia aliniambia "hii dadangu usimpe mkwe, mpe hii ya dua" na akanitolea nyingine bila kuchoka. Huduma ya namna hiyo huipati kwa rafu za supamaketi.

Nusu nyota nimeikata kwa rangi. Leso mpya nyekundu ama nyeusi inachuja ikipata maji, na kwa jasho la mikono na unyevu wa hapa ukifungia vesti nyeupe kabisa unaweza kuikuta ina madoa. Weka karatasi ya kaki ama kipande cha kitambaa cheupe katikati, tatizo linaisha. Hili wauzaji hawalisemi na wangefaa kulisema.

Kwa wanaume kikoi kinafaa kuliko leso. Soksi, boksa, hanchifu, viringisha ndani ya kikoi, funga kila upande kwa kamba ya katani na zile nyuzi za pindo la kikoi zinaning'inia zenyewe kuwa pambo, huongezi kitu. Ni ghali kidogo, hiyo ni ya baba ama mzee wa nyumba, sio ya kila mtu ofisini.

Vikapu vya ukili navyo nimevijaribu, vile vidogo vya rangi, vinapatikana upande wa Marikiti kwa bei nzuri kuliko zile za maduka ya watalii karibu na Fort Jesus. Skafu ama blauzi nyepesi inakaa vizuri ndani, ila kikapu hakina kifuniko kwa hivyo zawadi inaonekana, watoto wanachungulia. Vifuu viwili vilivyosuguliwa vikafungwa katani na soksi za mtoto ndani ni vizuri kwa macho lakini hakikisha vimesuguliwa laini maana vinakwaruza sufi.

Na kabla hujafunga chochote fukiza nguo udi usiku mmoja. Ukiifunga ikiwa bado ina harufu, ile leso inaishika, akifungua anapokelewa na manukato. (Za mtoto mchanga usifukize, kifua chake bado.) Badala ya ua la plastiki juu pachika kikuba, kile kishada kidogo cha asumini na rehani, kutoka kwa kina mama wanaouza jioni, ila kinunue siku ile ile ya kupeana, kesho yake kimenyauka.

Niseme pia kuhusu kufungiwa dukani maana wengi mtaniuliza. Kuna duka moja hapa mjini, silitaji, wanafunga zawadi msimu wa Krismasi na nilipeleka blauzi ya mamangu. Walinitoza kwa ukubwa wa boksi walilochagua wao, boksi kubwa kuliko nguo mara kadhaa, na kijana akapiga selotepu moja kwa moja kwa kitambaa ili blauzi isicheze ndani. Kitambaa chepesi kile, gundi ilibaki. Nilisikitika sana sababu nguo yenyewe ilikuwa imechaguliwa kwa muda. Ukilazimika kufungiwa simama pale uone, na umwambie mapema asiguse nguo kwa gundi. Mifuko ile ya zawadi ya karatasi ngumu ni sawa kama una haraka, hata mimi nanunua, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 iko mingi na yenye michoro ya Krismasi, lakini nguo ndogo inazama chini na mfuko unaonekana mtupu mpaka uujaze makaratasi.

Mkitaka kwenda Biashara Street nendeni mapema Desemba, wiki ya mwisho mafundi wa kupinda wana foleni na unaweza kuambiwa urudi kesho. Ijumaa mchana maduka mengi yanafungwa kwa swala kwa hivyo fika asubuhi. Bebeni na nguo yenyewe mkononi muipime na rangi ya leso hapo hapo dukani, muuzaji atakutolea mpaka ipatikane inayoendana.