eSIM safarini ukiwa na miaka 68: nilichokiona baada ya safari mbili

Karibuni tena. Ngoja kwanza nivae miwani, maana leo kuna maandishi madogo. Haya, tayari.

Kwa kawaida hapa mezani naweka kitu, nakigeuza, nakigonga, nanyi mnakiona. Cha leo hakishikiki. Hakina boksi, hakina waya. Ni eSIM, laini ya simu isiyokuwa na kadi. Mwaka huu nimesafiri nayo mara mbili, safari ya siku 9 na nyingine ya wiki 3, na zote nimezilipia mwenyewe. Hakuna kampuni iliyonitumia chochote, na sitataja niliponunua, kwa sababu vifurushi hubadilika kila kukicha na sitaki mtu aje kunidai.

Nina miaka 68. Macho ni haya, vidole vinatetemeka kidogo. Nayasema haya kwa sababu video nyingi za eSIM hutengenezwa na vijana, nao husema, "Piga picha msimbo, basi," yaani ule mraba wa vidoto unaosomwa na kamera ili kuweka laini. Hiyo "basi" yao ilinikalisha uwanja wa ndege saa mbili na nusu bila mtandao. Nitafika huko.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Simu za miaka ya karibuni zina chipu ndogo iliyochomelewa kiwandani, haitoki. Ukinunua eSIM, unanunua taarifa za laini tu, zinashuka kwa intaneti na kukaa kwenye hiyo chipu. Pixel 2 ya Google ilikuja nayo mwaka 2017, Apple wakafuata na iPhone XS na XR mwaka 2018, Samsung wakaiweka kwenye Galaxy S20 mwaka 2020. iPhone 14 zilizouzwa Marekani kuanzia 2022 hazina hata tundu la kadi. Kwa hiyo mambo ya majaribio yameshapita.

Yako inayo? Fungua mahali pa kupigia simu, bonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Hivi, mnaona? Inatoka orodha ya namba. Tafuta herufi EID. Zikiwapo, na mbele yake namba ndefu ya tarakimu 32, chipu ipo. Lakini usiangalie jina la simu peke yake ukaridhika, kwa sababu modeli ileile huweza kuwa nayo ilikouzwa nchi moja na ikaikosa nchi nyingine. iPhone nyingi zilizouzwa China bara, kwa mfano, hazina. Halafu kuna simu zilizofungwa na mtandao uliouza. Kama simu yako umepewa na mwanao aliyeichukua kwa mkataba, muulize kwanza kama imefunguliwa. Ikiwa bado, eSIM ya muuzaji mwingine haitaingia.

Kwa nini naipenda? Kadi ya kawaida ya siku hizi ina upana wa milimita 12.3 kwa 8.8. Punje ya mahindi! Unatakiwa uitoe kwa kipini, kwenye kiti cha ndege, taa hafifu, huku jirani amelala begani mwako. Na hiyo ya nyumbani ukishaitoa unaiweka wapi? Mimi miaka ya nyuma niliifunga kwenye tishu. Kilichoipata ile tishu mnakijua.

Kwa eSIM hutoi chochote. Laini ya nyumbani inabaki ndani, namba yako inabaki hai, meseji za benki zinaingia, na WhatsApp inaendelea na namba ileile inayojulikana na watu wako. Ikikuuliza kama unataka kubadilisha namba, kataa. Hapo peke yake imeshanilipa.

Sasa kisa changu.

Nilijiwekea mwenyewe nyumbani, bila msaada, nikajipongeza. Nikafika, nikatoa hali ya ndege. Alama ya mnara ipo, jina la mtandao wa wenyeji lipo, intaneti hakuna. Nikazima simu, nikawasha. Hakuna. Nikaona hii laini imeharibika, nikaifuta ili niiweke upya. Nikaelekeza kamera kwenye msimbo wa QR niliouchapisha kwenye karatasi, simu ikakataa. Misimbo mingi ya eSIM hutumika mara moja tu. Huduma kwa wateja ya wale wauzaji iko kwenye chati, na chati inataka intaneti. Waifai ya uwanja ikanitaka namba ya uthibitisho inayokuja kwa meseji, na laini yangu ya nyumbani nilikuwa nimeizima kabisa kwa kuogopa gharama. Nimezungukwa kila upande!

Kijana aliyekuwa anasubiri mizigo alinirushia intaneti ya simu yake kwa hotispoti, nikanunua laini nyingine. Ile nayo ikagoma vilevile. Akaomba simu, akaingia kwenye mipangilio, akagusa kitufe kimoja. Meseji zikaanza kumiminika.

Kitufe chenyewe ni romingi, kile cha data ya ugenini. Kilikuwa kimezimwa.

Hapa nataka tukae kidogo, wazee wenzangu, kwa sababu video za vijana hupita hapa mbio. Sisi tumefundishwa miaka na miaka kwamba ukivuka mpaka unazima romingi. Tumeona bili. Wengine tumelipa bili. Mkono wenyewe unajua, unazima bila kuuliza. Halafu inakuja eSIM ambayo bila romingi haifanyi kazi. Sababu ni kwamba wengi wanaouza eSIM za safari hawana minara. Wamechukua laini ya mtandao fulani wa nchi fulani, na laini hiyo popote unapoipeleka inaingia kama mgeni. Mgeni asipofunguliwa mlango atabaki uani. Umeshalipa kabla, kifurushi kikiisha kinakatika tu, hakuna bili itakayokufuata nyumbani.

Kwa hiyo una laini mbili na vitufe viwili vya romingi. Laini ya safari, washa. Laini ya nyumbani, zima romingi ya data, lakini laini yenyewe iache iwe hai. Mimi kosa langu lilikuwa kinyume kabisa: niliizima laini yote ya nyumbani na romingi ya laini ya safari pia.

Kuna na kitufe cha tatu, nacho ni mjanja. iPhone ina sehemu inayoruhusu data kuhamia laini nyingine pale moja inapolegea, na simu nyingi za Android zina kitu cha namna hiyo. Kimewekwa kwa nia njema. Ugenini kinaweza kukuhamishia kwenye laini ya nyumbani ukiwa umelala. Kizimeni. Naisogeza simu karibu na kamera... hapo, kidole changu kilipo. Zima.

Na jambo dogo lililonisaidia kuliko yote safari ya pili: badilisheni majina ya laini. Simu huzipa majina yake ya ajabu, laini ya msingi, ya pili, ya biashara. Mimi nimeandika NYUMBANI na SAFARI, herufi kubwa. Sasa kila ninachogusa najua nimemgusa nani.

Tuendelee. Wekeni mkiwa nyumbani, kwenye waifai yenu, chai ikiwa mezani. Kama msimbo umekuja kwa barua pepe kwenye simu ileile, msihangaike kuipiga picha simu kwa simu. Kwenye iPhone yenye mfumo wa iOS toleo la 17.4 au zaidi, unaugandamiza msimbo kwa kidole mpaka inatokea nafasi ya kuongeza eSIM. Wauzaji wengi wana programu yao inayoweka laini bila msimbo, nayo ni afadhali zaidi. Ila someni kifurushi kinaanza kuhesabu siku lini. Vingi huanza ukishika mtandao wa kule uendako, vingine huanza dakika unapokiweka. Hiki cha pili kiwekeni usiku wa kuamkia safari.

Sababu nyingine ya kuweka mapema: baadhi ya nchi hufunga tovuti za wauzaji. Uturuki ilifanya hivyo Julai 2025, tovuti na programu za wauzaji kadhaa zikawa hazifunguki ukiwa ndani ya nchi. Kuhusu vifurushi vya eneo zima, msisome jina, someni orodha ya nchi. Kilichoandikwa Ulaya huweza kuiacha Uswisi nje, kwa sababu haimo katika Umoja wa Ulaya.

Matumizi. Safari ya kwanza nilitumia GB 2.3 kwa siku 9, ramani na simu ya video kila jioni. Nikajiona mtaalamu. Safari ya pili nikanunua GB 5, zikaisha siku ya 4. Nilipochunguza, kumbe picha zangu zote zilikuwa zinapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni kila nikipiga, na WhatsApp inapakua kila video ya kila kundi. Makundi yetu mnayajua, asubuhi tu salamu zenye maua zinazochezacheza. Zimeni vyote viwili kabla ya kuondoka, na mshushe ramani ya mji kwenye simu ili isomeke bila intaneti.

Vya "bila kikomo" vina kikomo. Ukipita kiasi fulani kwa siku, kasi inapunguzwa, na hotispoti mara nyingine hairuhusiwi. Kwa kuongea na wajukuu vinatosha, lakini msiseme hamkuambiwa.

Mtaona na vituko. Kwa kuwa laini ni ya ugenini, intaneti yako huweza kutokea nchi ya tatu kabisa. Mimi nilifungua ukurasa wa habari, matangazo yote yakaja kwa lugha nisiyoijua. Programu ya benki nayo ikashtuka, ikaniuliza kama ni mimi. Simu haijadukuliwa. Jibu swali la benki kwa ile meseji inayoingia NYUMBANI. Na kabla ya safari upigie mtandao wako uulize mambo mawili: je, nitapokea meseji nikiwa nje, na nikipokea simu nakatwa kiasi gani? Kupokea simu ya kawaida ugenini mara nyingi anayelipia ni wewe uliyepigiwa.

Sasa kasoro ambayo kwangu ndiyo kubwa. eSIM nyingi za safari ni za data tu. Hazina namba. Familia mnapigiana kwa WhatsApp, sawa. Lakini dereva anayekutafuta mlangoni, hospitali inayotaka kuthibitisha miadi, bima ya safari yenye simu ya mezani tu, hao hawakupati isipokuwa kwa namba ya nyumbani. Mtu mwenye ugonjwa unaohitaji ufuatiliaji, au anayesafiri peke yake, simshauri ya data tu. Anunue yenye namba na dakika, hata ikiwa ghali zaidi, au achukue kadi ya kawaida akifika. Katika nchi za Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112, iandikeni kwenye karatasi pia. Na simu ikivunjika, eSIM huichomoi ukaihamishia kwenye simu ya kuazima, kama tulivyozoea kwa kadi. Unabaki nayo mkononi kama jiwe.

Kwa safari ya siku mbili tatu mimi nisingehangaika. Ningeuliza mtandao wangu kama una kifurushi cha nje, ningelipa, nikalala. Kuanzia wiki moja, eSIM.

Nyinyi vijana mnaowawekea wazazi laini, nawaomba msiwashike simu mkamaliza kila kitu. Mwacheni mzee awashe na kuzima SAFARI na NYUMBANI mwenyewe, mara tatu, mbele yenu. Kule uwanjani hamtakuwepo.

La mwisho nawaonyesha hapa hapa. Hii ndiyo laini ya safari ya pili, siku zake zimekwisha. Kwanza narudisha data kwa NYUMBANI. Imerudi, mnaona alama? Sasa naingia kwa SAFARI, nashuka chini kabisa, nagusa futa. Inaniuliza kama nina uhakika. Safari hii ninao.