Riwaya za sekondari na wanaotengwa: ipi ununue kwanza

Riwaya za sekondari za Kimarekani ni nyingi sokoni, na karibu zote zina mtoto mpweke na kundi la wenye majina. Upweke peke yake hautoshi kukutoa pesa. Kitabu kizuri huionyesha ngazi yenyewe: nani yuko juu, kimempandisha nini, na anayekataa anafanywaje. Soma hadi ukurasa wa 30. Kama bado huna majibu ya hayo matatu, kirudishe rafuni.

1. The Outsiders, S.E. Hinton (1967)

Ukinunua kimoja tu, nunua hiki. Mwandishi alikianza akiwa na miaka 15, mwanafunzi wa sekondari huko Tulsa, Oklahoma. Kilipotoka alikuwa na 18. Ngazi yake ni ya fedha: huku Socs, watoto wa matajiri wa upande wa magharibi, kule greasers wa mashariki, wenye nywele ndefu za kupaka mafuta. Msimulizi, Ponyboy, ana miaka 14 na Kiingereza chake ni chepesi, kwa hiyo msomaji wa kidato cha pili anakimudu.

Wengi hukosea jina. The Outsider, bila s, ni riwaya ya Stephen King ya 2018, na pia ni jina ambalo riwaya ya Albert Camus hupewa kwa Kiingereza cha Uingereza. Hakikisha jina la mwandishi kabla ya kulipa. Kwa kitabu cha mtumba, hesabu sura: ziwe 12. Kisha linganisha mwanzo na mwisho, maana maneno ya kufungulia ndiyo ya kufungia. Yasipolingana, karatasi za nyuma zimeng'oka. Gundi ya majalada laini ya zamani hukauka na kuachia.

2. The Chocolate War, Robert Cormier (1974)

Kwa kuchambua madaraka, hiki kinakishinda cha kwanza; kimeshuka nafasi kwa ukali wake tu. Trinity ni shule ya wavulana ya Kikatoliki. Brother Leon, mwalimu wa hapo, ameagiza makasha 20,000 ya chokoleti, mara mbili ya kawaida, na bei imepanda kutoka dola 1 hadi 2. Kila mwanafunzi auze 50. Ili mzigo uishe, mwalimu anaegemea Vigils, chama cha siri cha wanafunzi, na hapo unaona jinsi ofisi na wababe wanavyohitajiana. Hata Archie, anayewapangia wenzake kazi za kuwadhalilisha, ana breki yake: kijisanduku chenye gololi sita, tano nyeupe na moja nyeusi. Akichomoa nyeusi, kazi aliyoipanga anaifanya mwenyewe.

Aliyewahi kuitwa njuka au mono bwenini ataielewa Trinity bila kufafanuliwa. Mwisho hauna faraja, na anayependa mbaya aadhibiwe atakitupa ukutani. Kipo cha pili, Beyond the Chocolate War (1985), usianze nacho.

3. Speak, Laurie Halse Anderson (1999)

Melinda alipiga simu polisi wakati wa sherehe, na shule nzima ikamgeuzia kisogo bila kuuliza kwa nini. Chanzo ni ubakaji, kwa hiyo mzazi akisome kwanza. Kuanzia miaka 14 ni sawa. Angalia ni toleo lipi unauziwa. Lile la michoro, lililochorwa na Emily Carroll, lilitoka 2018 na linamfaa msomaji wa polepole, ila lenye maneno bila michoro ndilo lenye kejeli zote za Melinda, na kejeli ndizo utamu wake.

4. Stargirl, Jerry Spinelli (2000)

Kwa miaka 11 hadi 13. Msichana mgeni wa shule moja ya Arizona anapandishwa juu, kisha anaangushwa kwa kosa la kuzishangilia timu zote mbili. Chepesi, na si cha kudumu sana kichwani.

Carrie ya Stephen King (1974) hupangwa rafu hiyohiyo. Uonevu umo tangu kurasa za mwanzo, lakini ni hadithi ya kutisha. Mwachie aliyefikisha miaka 16.

Kwa chochote utakachochagua, soma jalada na ukurasa wa hakimiliki. Ukiona "Abridged", "Retold by" au "Level 3", hilo ni toleo lililofupishwa au kurahisishwa. "Study Guide" si riwaya kabisa: ni muhtasari na maswali, na mara nyingi jina la riwaya huandikwa juu yake kwa herufi kubwa kuliko maneno hayo "Study Guide".