Uhakiki wa The Long Dark: Kidonda Kinachokula Muda

The Long Dark, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na kampuni ya Hinterland ya Kanada, humtupa mchezaji katika kisiwa cha kubuni kiitwacho Great Bear, katikati ya majira ya baridi kali, baada ya dhoruba ya sumaku kutoka angani kuzima mitambo yote, na kumwachia kazi moja tu ya kubaki hai. Una sehemu yenye hadithi na sehemu ya kujinusuru. Hii ya pili ndiyo ninayoihakiki. Humo hamna adui mwenye bunduki wala misheni za kukamilisha, na mchezaji akifa, kwa kawaida kumbukumbu ya safari yake yote hufutwa. Mengi yameshasemwa juu ya theluji yake na ukimya wake tangu ulipoanza kuuzwa ukiwa bado unajengwa mwaka 2014, na hasa baada ya kutolewa rasmi Agosti 2017. Mimi nataka kuutazama kwa upande mmoja, ambao kwa maoni yangu ndio unaoubeba mchezo mzima: namna unavyomjeruhi mchezaji na namna unavyomtibu. Wapenzi wa michezo hii wamebishana kwa miaka mingi iwapo majeraha yafanane na ya kweli au yarahisishwe ili yasiharibu starehe. Hinterland wameupita ubishi huo pembeni, kwa kuacha kuiga mwili wa binadamu na kuiga gharama ya kuumia.

Chukua tukio la kawaida kabisa katika mchezo huu. Mchezaji anavuka ziwa lililoganda, jua linaelekea kuzama, na mkobani amebeba nyama mbichi ambayo harufu yake inasafiri na upepo. Mbwa mwitu anaifuata, anamrukia, wanagaragazana kwenye theluji huku mchezaji akibonyeza kitufe mfululizo, na mnyama anapokimbia hatimaye, hesabu ya madhara inajitokeza kwenye skrini: damu inavuja, koti limechanika, na pale alipong'atwa pana hatari ya kuingia vijidudu, hatari ambayo kiwango chake kinaoneshwa kwa asilimia. Damu ndiyo isiyosubiri. Isipofungwa bendeji, afya inaporomoka huku mtu akiitazama. Asiye na bendeji atalazimika kuchana kitambaa, na pengine kitambaa chenyewe ndicho alichokuwa amekiweka cha kushonea lile koti. Jeraha la meno nalo linataka dawa ya kusafishia kidonda, au, ikiwa chupa imekwisha, dawa ya kubandika inayotengenezwa kwa ule mmea wa kijivu unaoning'inia kama ndevu kwenye matawi ya miti. Akilipuuza jeraha hilo, maambukizi yanaweza kuanza kweli, na hapo dawa ya kusafishia haifai tena. Sasa anahitaji vidonge vya antibiotiki au chai ya uyoga wa reishi, kisha apumzike saa 10.

Saa 10 hizo ndizo roho ya mfumo wote. Kulala saa 10 katika Great Bear maana yake ni kuwa na pahali pa kulala pasipoganda, au moto wenye kuni za kutosha kuufikisha alfajiri. Ni kuamka na kiu na njaa, na maji ya kunywa hupatikana kwa kuyeyusha theluji juu ya moto uleule unaokula kuni zilezile. Anayeugua mbali na nyumba hana budi kuchagua kati ya kutembea usiku akiwa dhaifu na kujibanza pangoni akihesabu vijiti alivyonavyo. Safari ya kesho imekwishaharibika, nyama aliyoiacha nje imo hatarini, na dawa aliyokuwa ameiweka akiba kwa siku mbaya zaidi imetumika leo. Kwa hiyo kidonda hakimpunguzii mchezaji tarakimu tu, bali kinampangia siku zake.

Majeraha mengine hufanya kazi kwa mantiki hiyohiyo, kila moja likifunga mlango wake. Aliyeteguka kifundo cha mguu hawezi kukimbia. Aliyeteguka kifundo cha mkono hawezi kulenga bunduki wala upinde, na hilo hubadili kabisa njia atakayopita kurudi nyumbani, kwa sababu bonde alilolivuka asubuhi bila wasiwasi sasa lina mbwa mwitu asioweza kuwapiga risasi. Mbavu zilizovunjwa na kwato za kulungu dume mkubwa wa nchi za baridi humpunguzia uzito anaoweza kubeba, naye husimama mbele ya mzoga akiamua aache nyama au aache kuni. Hakuna hata moja kati ya maamuzi haya linalohitaji mchezaji ajue udaktari.

Michezo ya zamani haikujali mambo haya, wala haikupaswa kuyajali. Katika Doom ya mwaka 1993, sanduku la huduma ya kwanza liliongeza pointi 25 za afya papo hapo, na sura ya askari iliyokuwa ikitapakaa damu chini ya skrini ikarudi kuwa safi. Call of Duty 2 ya mwaka 2005 iliondoa hata sanduku hilo: skrini hugeuka nyekundu, mchezaji hujificha nyuma ya ukuta sekunde chache, na risasi zote alizopigwa zinasahaulika. Siwacheki waliobuni mfumo huo, maana mchezo wa kufyatuliana risasi unataka mtu arudi vitani upesi. Tatizo liko kwa michezo iliyotaka kuwa na uhalisia zaidi lakini ikautafuta mahali pasipo na uzito.

Metal Gear Solid 3 ya mwaka 2004 ndiyo mfano ninaoupenda na unaoniudhi kwa wakati mmoja. Askari wake akipigwa risasi msituni, mchezaji hufungua ukurasa wa tiba, akachokoa risasi kwa kisu, akamimina dawa ya kuua vijidudu, akaweka ya kuzuia damu, akamalizia kwa bendeji. Mkono uliovunjika hufungwa gango, walioungua hupakwa marhamu, na ruba huondolewa kwa moto wa sigara. Mara ya kwanza jambo hili linasisimua kwelikweli, na kuna hekima katika uamuzi wa kupunguza kiwango cha juu cha afya hadi jeraha litibiwe. Lakini ukurasa huo unapofunguliwa, dunia nzima husimama. Askari adui aliyekuwa hatua mbili mbele yako anakungoja kwa adabu mpaka umalize kushona. Baada ya muda, hatua zile nne zinageuka kuwa vitufe vinne vya kubonyeza, na mchezaji anavibonyeza bila kufikiri, sawa na mtu anayejaza fomu.

Escape from Tarkov imepiga hatua kubwa kuliko hapo, kwa kuwa tiba yake hufanyika huku vita vikiendelea. Mwili wenye pointi 440 umegawanywa katika sehemu saba, kuanzia kichwa chenye 35 hadi kifua chenye 85, na kila sehemu huumia kivyake; anayemeza dawa ya maumivu anaweza kukimbia kwa mguu uliovunjika. Ni mfumo makini, lakini unataka mtu ausome kama mtihani kabla haujampa raha, na adhabu ya kutojua ni kufa na kupoteza mali. Wapo wanaoipenda shule hiyo.

Far Cry 2 ya mwaka 2008 inanigusa kwa namna nyingine, kwa sababu shujaa wake ana malaria. Kila baada ya muda macho yake hufifia, mchezaji hubonyeza kitufe, kidonge kinamezwa, na ugonjwa unaondoka kama mbu aliyefukuzwa, mpaka zamu nyingine. Vidonge vikipungua, hufanya kazi za kupeleka hati za kusafiria ili apewe vingine. Yeyote aliyewahi kuugua malaria anajua kwamba homa haikatwi kwa kidonge kimoja kilichomezwa katikati ya mapigano, na kwamba dozi ya mseto humezwa kwa siku tatu hata kama mgonjwa amejisikia vizuri siku ya pili. Hata hivyo kasoro ya mchezo huo si kosa la kitabibu. Kasoro ni kwamba ugonjwa hauna jambo unalolizuia: ukiwa na kidonge mfukoni, malaria ni usumbufu wa sekunde tano, na usipokuwa nacho, ni safari ambayo ungepewa vyovyote vile kwa kisingizio kingine.

Ukiupima The Long Dark kwa jicho la daktari, nao una uongo mwingi, na wanaousifu kwa uhalisia wanakosea. Kidonda chenye maambukizi hakiponi kwa dozi moja na usiku mmoja wa usingizi. Mbavu zilizovunjika huchukua takriban wiki 6 kuunga, na humu mgonjwa anarudi kubeba mizigo mapema mno. Hakuna tabibu atakayempa mgonjwa chai ya uyoga mahali pa antibiotiki. La kushangaza zaidi ni kichaa cha mbwa, ambacho mtu aliyeng'atwa na mnyama wa porini angekiwazia kabla ya jambo lingine lolote, lakini hakitajwi hata kidogo. Naona walifanya vyema kukiacha. Ugonjwa huo hukaa kimya kwa wiki au miezi, kisha dalili zikijitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Ukiuingiza katika mchezo ambao kifo kinafuta kila kitu, umempa mchezaji hukumu asiyoweza kuijadili, na uamuzi wowote atakaoufanya baada ya hapo ni wa bure.

Mahali mchezo ulipokataa kulegeza ni kwenye baridi. Sehemu ya mwili iliyoachwa wazi kwa muda mrefu hupata onyo, na onyo likipuuzwa nyama hufa, na hapo kiwango cha juu cha afya hupungua moja kwa moja, bila dawa wala usingizi wa kukirudisha. Ndivyo ilivyo katika maisha, kwa kuwa kilichokufa kwa barafu hakifufuki. Jambo hili linaumiza kuliko jeraha lolote la meno, na bado sijaona mchezaji akililalamikia kuwa ni uonevu, kwa sababu onyo lilikuja mapema na glavu zilikuwepo.

Ukurasa wa huduma ya kwanza nao unastahili sifa. Unaonesha mwili, mahali palipoumia, dawa inayotakiwa, na dawa mbadala ya kienyeji pale inapokuwepo, bila kumlazimisha mtu akisie. Ujinga wa mgonjwa asiyejua anaumwa nini ungekuwa uhalisia zaidi, lakini ungemtuma mchezaji kutafuta majibu nje ya mchezo wakati alipaswa kuwa anatafuta kuni.

Penye kasoro, kasoro zenyewe huzaliwa pale ambapo gharama inakosa sababu. Kuteguka ni bahati nasibu: alama ya onyo huonekana mtu akipita kwenye mteremko, lakini anayetembea polepole kwa uangalifu anaweza kuteguka, na anayekimbia ovyo akasalimika, hivyo fundisho halieleweki. Kero ya kufungiwa ndani ni mbaya zaidi. Mchezaji aliyekaa nyumbani muda mrefu anapigwa marufuku kulala ndani, hata kama nje kuna dhoruba ya theluji ambayo mchezo wenyewe umemfundisha kuikimbia. Hapo unasikia kabisa sauti ya mbunifu akikufukuza nje kwa fimbo, na ugonjwa umetajwa kwa ajili ya heshima tu. Upande wa pili, mchezaji anayefikia ngazi ya tano ya upishi haugui tena tumbo wala kupata minyoo kutokana na anachokipika, hata kama nyama ya dubu ilikwishaoza kabla haijaingia sufuriani. Hatari iliyokuwa ikimfanya apime kila tonge inafutika, na pamoja nayo zinafutika baadhi ya chaguo bora kabisa za miezi ya mwanzo.

Usingizi pia umepewa nguvu kupita kiasi. Mtu aliyebakiwa na chembe ya afya hulala, akaamka karibu mzima, mradi ana maji, chakula na joto. Ninaelewa kwa nini imekuwa hivyo, kwani bila njia hiyo mchezo ungekuwa wa kufa polepole, lakini mapumziko mafupi yangetosha kuponya kidogo na yale marefu zaidi, badala ya usiku mmoja kufuta kumbukumbu ya pigo kubwa.

Kwa bahati njema, ukali unaweza kurekebishwa. Katika kiwango cha Pilgrim mbwa mwitu humkimbia binadamu, na hapo mfumo wote wa tiba unabaki kama pambo. Interloper ni kwa waliozoea kufa. Ipo pia nafasi ya kujitengenezea kanuni zako, ambapo magonjwa kadhaa yanaweza kuwashwa au kuzimwa moja moja, na kasi ya kupona ikapunguzwa. Anayetaka kuona mfumo huu ukiwa katika ubora wake aanze na kiwango cha Voyageur kwa safari ya kwanza, kisha ajitengenezee kanuni: kero ya kufungiwa ndani izimwe, minyoo na mbavu vibaki, kasi ya kupona ishushwe ngazi moja. Mchezo unapatikana kwa kompyuta, PlayStation, Xbox na Switch. Katika skrini ndogo ya Switch maandishi ya ukurasa wa tiba ni madogo, na asiyeona vizuri ataumia macho kabla ya kung'atwa na mbwa mwitu.